Kijiko Kimoja kwa Siku

Kila asubuhi kabla ya shule, Kasuku alimsaidia baba yake kupanga mikate kwenye makreti. Baba alikuwa mwokaji, na kufikia saa hiyo nyusi zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe kwa unga. Binti huyo alipewa jina la Kasuku kwa sababu alianza kuongea kabla hata hajafumbua macho vizuri.

"Baba, mwalimu wa sayansi anaomba hamira," alisema Jumatatu moja.

"Anataka kuoka?"

"Hapana. Tunataka kuona kama hamira inavumilia kileo."

Baba alicheka huku akimfungia hamira kwenye karatasi. "Mpelekee. Ila mwambie hamira yangu haijawahi kulewa."

Darasani, wanafunzi walifanya kazi wawili wawili. Kasuku alikuwa na rafiki yake Miwani, msichana mpole ambaye miwani yake ilimfunika nusu ya uso. Miwani alipima hamira na sukari, akazitia ndani ya chupa yenye maji ya uvuguvugu, kisha wakafunga puto mdomoni mwa chupa. Hamira ikila sukari hutoa hewa, na hewa ndiyo hulijaza puto.

Mwalimu aligawa vichupa vinne kwa kila jozi. Kila kimoja kilikuwa na kijiko kimoja cha spiriti, yaani kileo kikali. "Kimoja kwa siku, kuanzia kesho," alisema. "Msiruke siku, na msizidishe."

Jumanne walimimina cha kwanza pamoja. Puto lilisinyaa kidogo, kisha likasimama tena. Jumatano Miwani akashikwa na homa, akabaki nyumbani. Siku hiyo wenzake walikuwa wakiruka kamba uwanjani, na Kasuku akasahau chupa. Alhamisi aliikumbuka chupa wakati kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imeshalia. Ijumaa alisimama peke yake mbele ya vichupa vitatu. Alitazama huku na huku, akavimimina vyote kwa mpigo, kisha akatia alama ya vyema katika kila siku kwenye jedwali.

Jumatatu iliyofuata, maputo ya wengine yalikuwa yamesimama. Lao lilikuwa limelala kama soksi iliyolowa.

"Nani alipima?" mwalimu aliuliza.

Miwani, ambaye alikuwa amerudi siku hiyo, aliinua mkono. "Ni mimi, mwalimu. Bila shaka nilikosea." Mwalimu alikuwa amemchagua aeleze jaribio hilo mbele ya wazazi. Sasa Miwani akaongeza kwa sauti ndogo, "Afadhali umchague mwingine. Mimi si makini."

Kasuku aliinama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Jioni alipanga trei bila kusema neno. Baba alimtazama kwa muda, akaacha unga, akaketi juu ya gunia kando yake. "Kasuku wangu amemeza nini leo?"

Machozi yakamtoka. Akaeleza yote, tangu kamba hadi jedwali.

Baba hakumgombeza. Alimfuta uso, akamwachia unga shavuni. "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, lakini sakafu hupanguswa. Anza na Miwani. Yeye ndiye anayebeba mzigo usio wake."

Asubuhi alimngoja Miwani langoni, akamweleza yote. Aliposikia, Miwani alivua miwani, akaisafisha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Usiku kucha nilikuwa nahesabu vijiko vya sukari kichwani," alisema mwishowe.

"Kosa lilikuwa langu. Nisamehe."

"Nimekukasirikia," Miwani alisema. Akavaa miwani yake. "Lakini kwa mwalimu hutaenda peke yako."

Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho. Akamwambia Kasuku afute alama za uongo, aandike ukweli, na amwambie darasa mwenyewe. Kasuku alisimama mbele ya wenzake, akasema yote. Kwa wiki nzima baada ya hapo, wasichana wale wawili walirudia jaribio kwa chupa mpya. Kasuku hakuruka siku hata moja. Puto lilipungua kila walipomimina, kisha likainuka.

Siku ya wazazi, Miwani alieleza na Kasuku akashika chupa mbili, ile iliyokufa na ile iliyo hai. Baba yake alikuwa amekaa mstari wa mbele, nyusi zikiwa safi kwa mara ya kwanza.

Kisha mwalimu akasimama. "Kila seli ya hamira ina ngozi nyembamba, na kileo huilegeza," alisema. "Kikija kidogo kidogo, seli hupata wasaa wa kuikaza ngozi na kujitengenezea kinga. Kikija kwa mkupuo, hufa kabla haijajiandaa. Hata iliyozoea ina kikomo chake, na asitokee mtoto wa kudhani mwili wake ni chupa ya hamira."

Wazazi wakacheka. Mwalimu akamwekea Kasuku mkono begani.

"Kazi nazo ni hivyo hivyo. Ya siku tatu ukiibwaga kwa siku moja, utaiua. Na ukikosea, sema. Chupa hii iliyokufa ilikuwa aibu ilipofichwa. Tangu ukweli uliposemwa, imetufundisha sisi sote."