Kasha Namba Tisa Halifunguliwi

"Umefungua?"

"Nimefungua."

"Lakiri umeivunja?"

"Imevunjika yenyewe, Katibu. Nilikuwa naibandua taratibu kwa kisu cha kufumulia nguo, nikijua nitairudishia."

"Shemeji! Lakiri si pindo la sketi!"

"Najua. Lakini si hilo nililokupigia. Ndani hamna santuri."

"Kuna nini?"

"Kigae. Cheupe, cha bafuni. Kimezungushiwa sponji."

Nilidhani atashangaa, atapiga kelele, ataapa. Badala yake alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Usimwambie mtu. Nakuja hapo."

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku.

Mimi ni fundi cherehani. Mchumba wangu anafundisha hesabu, na kila mtu humwita Mwalimu, hata mimi. Ni mpole, hanywi, hagombani na mtu. Ugonjwa wake ni mmoja tu: santuri. Yeye na wenzake wapatao ishirini wana kikundi chao cha kukusanya santuri na kanda, na Katibu wao ndiye anayewaletea vitu adimu. Safari hii aliwaletea makasha ya bati, bapa kama sahani, yaliyofungwa kwa lakiri, nta nyeusi ya muhuri. Ndani ya kila kasha, alisema, kuna santuri nyekundu ya umbo la moyo, unaona upande wa pili kama kioo. Zimetengenezwa arobaini tu. Ukifungua, thamani imekwisha.

Mwalimu alinunua mawili, namba tisa na namba ishirini na mbili. Namba tisa aliniletea dukani kwangu nipime, niishonee mfuko wa mahameli.

"Atakayevunja lakiri hii, mimi na yeye basi," alisema. "Hata awe wewe."

Nikamtazama nione kama anatania. Hakucheka.

Sasa mniulize, kwa nini nilifungua? Wivu. Mwanamume huyu alikuwa akilishika lile bati kwa mikono miwili, na mimi ananishika kwa mmoja. Nilitaka kusikia huo wimbo ninaoshindana nao. Nikajiambia, kinachofumuliwa hushonwa. Ndiyo akili ya fundi hiyo, imeniponza.

Katibu alifika akiwa na jasho. Akaingia, akafunga mlango kwa komeo bila kuniomba ruhusa. Akakitazama kigae juu ya meza ya kukatia, asikiguse.

"Santuri iko wapi, shemeji?"

"Nimekwambia, haikuwemo."

"Hapana. Nakuuliza utakavyoulizwa. Umebaki peke yako na kasha. Umelifungua peke yako. Santuri haionekani, kuna kigae. Nani atakuamini kwamba hukukiweka wewe?"

Nikashika cherehani.

"Ulijua," nikasema.

"Mimi sijui kitu. Nimewahudumia hawa watu miaka minne na hakuna aliyewahi kulalamika."

"Kwa sababu hakuna anayefungua!"

Akatabasamu kidogo tu, pembeni mwa mdomo. Tabasamu lile lilinitisha kuliko komeo. Akatoa mfukoni kipande cha nta nyeusi na kiberiti, akalifunga kasha upya mbele yangu, kigae kikiwa ndani. Mkono wake haukutetemeka. Ulikuwa mkono uliokwishazoea kazi hiyo.

"Shona mfuko wako, olewa, ishi vizuri," alisema akifungua mlango. "Ukifungua mdomo, anayeachwa ni wewe, si mimi."

Alipoondoka tu, ujumbe wa Mwalimu ukaingia:

"Mpenzi, mfuko unaendeleaje? Nina habari! Jumamosi kwa Shangazi tunabadilishana. Nampa Katibu santuri zote za marehemu baba, ananipa makasha kumi na mawili. Kumi na mawili! Niombee."

Nikaketi sakafuni, kati ya vitambaa. Santuri za baba yake zilikuwa mia mbili na kitu, na ndizo zilizomlea. Mama yake aliondoka yeye akiwa mdogo, baba akawa anamlaza kwa muziki. Na sasa atazitoa zote apewe vigae vya bafuni. Nikisema, nampoteza. Nisiposema, nitalala kitandani na mtu niliyemtazama akiibiwa.

Siku hizo sikula. Kila simu ikilia nadhani ni Mwalimu kaambiwa. Na kwenye kikundi chao cha kwenye simu, ambako Mwalimu aliniingiza ili nijifunze, walikuwa wanabishana bila habari.

Shangazi, dada yake marehemu baba, ndiye aliyeanza: "Muziki usiosikika una tofauti gani na sahani ya ukutani?"

Katibu: "Shangazi, thamani iko kwenye lakiri. Ukifungua umebaki na plastiki."

Muuza Miwani: "Mimi kanda yangu ya umbo la samaki ina miaka mitatu haijafunguliwa. Naiangalia tu, roho inatulia."

Shangazi: "Si ungenunua samaki?"

Mwalimu: "Shangazi, dunia imebadilika. Za baba zimechezwa mpaka zimechoka. Hizi zitabaki mpya milele."

Shangazi: "Hata mimi nimechezwa nimechoka. Nitupe basi."

Watu wakaweka vicheko. Mimi nikaandika, "Mwalimu, usibadilishane," kisha nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta tena. Papo hapo Katibu akanitumia ujumbe wa pembeni: "Naona unaandika, shemeji."

Niliirusha simu kwenye kapu la vitambaa kana kwamba imeniuma.

Jumamosi mchana sebule ya Shangazi ilijaa. Santuri za marehemu zilikuwa zimepangwa kwenye maboksi sita karibu na mlango. Makasha ya Katibu yalikuwa mezani, yanang'aa. Mwalimu alikuwa amevaa shati nililomshonea mwenyewe, amefurahi kama mtoto. Akanishika bega.

"Namba tisa umeileta?"

Nikampa mfuko wa mahameli. Akaubusu. Nikatamani ardhi ipasuke.

"Haya," Katibu akasema, akinikazia macho. "Tukubaliane mbele ya mashahidi. Kikishabadilishwa hakirudi."

Mwalimu akanyoosha mkono. Na mimi, sijui sauti ilitokea wapi, nikasema:

"Mwalimu, usimpe mkono. Namba tisa nimeifungua."

Mwalimu aligeuka polepole.

"Umefanya nini?"

"Nimevunja lakiri. Jumatatu. Ndani kulikuwa na kigae, na Katibu akaja kulifunga kasha upya kwa mkono wake. Ananitisha tangu siku hiyo."

Katibu akapiga kofi hewani. "Mnasikia? Ameiba santuri, ameweka kigae, sasa anatafuta wa kumtupia lawama. Mwalimu, pole sana ndugu yangu. Nilitaka kukuficha aibu hii."

"Mwongo!" nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka. "Fungueni lolote kati ya haya ya mezani! Moja tu!"

"Nani atalipa thamani yake?" Katibu akauliza.

Nikawatazama watu wazima ishirini. Muuza Miwani akainamisha kichwa. Mwingine akakumbatia kasha lake. Nikaelewa kwamba hawakuwa wakinishuku mimi peke yangu. Walikuwa wanaogopa kujua.

"Mwalimu," nikasema, "unayo namba ishirini na mbili. Hiyo sijawahi kuigusa."

Akaitoa kwenye begi. Akaishika kwa mikono miwili, kama kawaida yake. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Nikifungua nikakuta santuri?" akaniuliza.

"Basi mimi ni mwizi, na harusi hakuna."

"Usikubali kuchezewa na mwanamke, Mwalimu!" Katibu alipaza sauti, na safari hii ilipasuka katikati.

Nadhani ule mpasuko ndio uliomaliza kazi. Mwalimu alimtazama, akanitazama, akachomeka ufunguo wa nyumba chini ya lakiri. Nta ikaruka. Akatoa sponji, akaifungua.

Kigae. Cha samawati.

"Angalau chako kina rangi," Shangazi akasema.

Kisha sebule nzima ikawa kelele za bati. Watu walifungua makasha waliyoyatunza kama mboni za macho, na vigae vikawa vinalia mezani. Katibu alikuwa ameshaufikia mlango, lakini maboksi ya marehemu yalikuwa yameuziba, na Muuza Miwani akamkalisha kitini mpaka askari walipokuja kumchukua.

Watu walipotawanyika, Shangazi alijitia kuosha vikombe. Tukabaki wawili.

"Tangu Jumatatu," Mwalimu alisema. "Siku zote hizo ulikuwa unamwogopa yule?"

"Yule nilimwogopa dakika kumi. Siku zilizobaki nilikuogopa wewe."

Akafumba macho. "Nilisema vile kwa utani."

"Hukucheka, Mwalimu. Nakupenda mpaka naona aibu, lakini sitaingia kwenye nyumba ambayo nikivunja kikombe moyo unasimama. Bora nibaki na cherehani yangu."

Alikwenda kwenye maboksi, akapekua muda mrefu, akatoa santuri moja yenye jalada lililoliwa pembe. Ndiyo baba yake aliyokuwa akimlazia. Akaiweka kwenye gramafoni ya Shangazi.

"Sindano weka wewe," akasema.

Hakuwahi kuniruhusu kugusa sindano. Nikaishusha vibaya, ikateleza toka ukingoni mpaka katikati. Krrrrr! Kabla ya kitu chochote niliutazama uso wake.

Taya lilimkakamaa. Nililiona, sitadanganya. Kisha akashusha pumzi.

"Rudia," akasema.

"Nimeikwaruza, Mwalimu. Ni ya baba."

"Nimesikia. Rudia, mke wangu. Na nisamehe."

Nikarudia. Wimbo ukaanza, na mimi nikalia mpaka Shangazi akaja na taulo la vyombo.

Miezi miwili baadaye tuliingia ukumbini kwa wimbo huohuo, kwenye santuri hiyohiyo. Ulipofika penye mkwaruzo uliruka, na sisi tukakosea hatua mbele ya wageni wote. Nikamwangalia bwana harusi haraka. Alikuwa ameshaanza kucheka.