Mguu wa Banjo Juu ya Goti

Kwa maneno ya Bwana Harlan, jirani wa pale kwenye kambi ya magari-nyumba, mbwa wa Bi Lorna alipandwa na kichaa asubuhi ile ya Jumanne. "Nimeona kwa macho yangu haya mawili!" aliwaambia waliokuwa wakifua nguo kwenye chumba cha mashine. "Kamng'ang'ania bibi wa watu mkono, anamvuta atoke kwenye usukani. Ati mbwa wa huduma! Huduma gani hiyo, ya kuua?"

Bwana Harlan hakudanganya. Ila alitazama kwa mbali, kupitia kioo cha mbele cha gari. Yaliyotangulia hakuyajua, na aliyeyajua yote alikuwa Corinne.

Corinne alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Tangu shule zifungwe, yeye na bibi yake, Bi Lorna, walikuwa safarini katika gari-nyumba la bibi, lenye jiko, vitanda viwili na choo kidogo cha kugeukia kwa taabu. Walikuwa wamepita Idaho, Montana na Wyoming, na sasa walikuwa Dakota Kusini, kando ya mto Missouri. Kila asubuhi ya kuondoka kazi zilikuwa zilezile. Corinne alichomoa waya wa umeme, akakunja mpira wa maji, akafunga makabati yote. Bibi, aliyekuwa dereva wa basi la shule kwa miaka ishirini na sita, alizunguka gari akigonga kila tairi kwa fimbo.

Nyuma yake alifuata Banjo, mbwa mweusi mwenye kizibao chekundu. Bi Lorna alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na Banjo alifundishwa kunusa sukari yake inaposhuka. Hapo huweka mguu wa mbele juu ya goti la bibi. Bibi hujichoma kidole, hupima, hunywa juisi, na mbwa hupewa zawadi yake. Mwalimu wake, Bi Odette wa kule Iowa, alikuwa ametoa sharti moja tu: mtu asimpe mbwa chochote kwa ajili ya mguu ule kabla ya kipimo.

Siku moja huko Wyoming, bibi akiwa bafuni, Banjo aliweka mguu wake juu ya goti la Corinne. Corinne alikuwa akila bekoni, vile vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe ya kukaanga.

"Weee, mjanja wewe!" alimnong'oneza, akampa kipande. Kesho yake akampa tena. Ikawa mchezo wao wa siri chini ya meza.

Hazikupita wiki mbili, Banjo akaanza kumwekea bibi mguu mara tano, mara sita kwa siku. Bibi alipima, akakuta sukari iko sawa. Vidole vyake viliuma kwa kuchomwachomwa. Corinne aliona yote, na kila alipotaka kusema, ulimi ulikuwa mzito.

Jumatatu bibi alikata simu, akaiweka mezani. "Nimezungumza na Bi Odette," alisema. "Kesho tunaelekea Iowa, tukamrudishe Banjo. Nadhani amezeeka, maskini. Na bila yeye siwezi kuendesha. Hili gari nitaliuza."

"Uliuze, Bibi?"

"Sasa nilifanye nini, banda la kuku?" Bibi alijaribu kucheka. Hakuweza.

Corinne alikwenda kulala bila kusema neno.

Asubuhi ya Jumanne, bibi alipomaliza kugonga matairi, Banjo alimwekea mguu. "Niache, baba, nimechoka nawe," bibi alisema. Akapanda, akakaa kwenye usukani. Banjo akamfuata, akaweka mguu tena. Bibi akausukuma. Banjo akashika mkono wa sweta lake kwa meno, akavuta.

"Corinne! Mtoe huyu... huyu... kitu hiki!"

Corinne alitoa bekoni mfukoni, akamsogezea puani. Banjo hakuigeukia hata kidogo. Aliendelea kuvuta, akilia kwa sauti nyembamba. Ndipo Corinne alipomtazama bibi yake vizuri. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na mkono wake ulikuwa ukitafuta ufunguo mahali ambapo ufunguo haupo.

"Bibi, usiwashe! Banjo hajazeeka, ni mimi niliyemharibu! Nilikuwa nampa bekoni kila akiniwekea mguu! Lakini sasa hataki bekoni. Pima, Bibi, nakuomba!"

Bibi alimtazama kama mtu anayesikia kwa mbali. Corinne hakungoja. Alileta kipimo, akamchoma kidole mwenyewe. Hamsini na moja. Bi Lorna hakutakiwa kuwa chini ya sabini. Corinne alimshikia bibi bilauri ya juisi, akainywa hadi ikaisha, na Banjo akalaza kichwa juu ya mapaja ya bibi.

Baada ya robo saa walipima tena; sukari ilikuwa imepanda, na macho ya bibi yalikuwa yamechangamka. Alimpa Banjo zawadi yake, akamkumbatia shingoni. "Asante, mzee wangu. Asante kwa kutonikatia tamaa." Kisha akamvuta Corinne naye. "Na wewe asante kwa kusema."

Corinne alilia. "Nilichelewa."

"Ulichelewa, ndiyo. Sitakuficha." Bibi alimfuta machozi kwa mkono wa sweta lililolowa mate ya mbwa. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mimi na wewe tuna maneno chungu nzima. Banjo ana moja tu, mguu huu. Ulipomlipa kwa mchezo, ulilifanya neno lake lisiaminike. Kisha ukanyamaza, na mimi nikamwita mzee asiyefaa. Kosa la kwanza lilikuwa la kitoto. Kunyamaza ndiko kungetuua barabarani."

Bi Odette alipopigiwa simu hakukasirika. Alisema hakuna haja ya kumrudisha Iowa; mbwa anaweza kurudi kwenye mstari kwa wiki chache, mradi sharti lifuatwe. Gari halingeuzwa. Bwana Harlan naye alikuja mlangoni, kofia mkononi, na Corinne akamweleza kila kitu, hata habari ya bekoni. Mzee alikuna kichwa. "Basi mwenye kichaa ni mimi," alisema, akarudi kwenye chumba cha mashine kusahihisha habari zake.

Adhuhuri waliendelea na safari yao. Banjo alilala kati ya viti viwili, kizibao chake kikipanda na kushuka. Mashamba ya mahindi yalipita pande zote mbili, na Corinne alishukuru kwa kila moja.

"Bibi," alisema, "mwakani naomba unichukue tena."

"Na nani mwingine atanikunjia mpira wa maji?" Bibi alitazama kioo cha pembeni, akawasha taa ya kuonyesha anakata kushoto, akaingia barabara kuu.