Mchanga Mweusi Tumboni mwa Kiti cha Pwani

Saa nane mchana bandari ya Daxi huwa haina adabu. Boti zimefunga gatini, wanunuzi wanasukumana kwa viwiko, na kamba wekundu wanamwagwa sakafuni kama shanga zilizokatika uzi. Katikati ya vurumai hiyo Suyin, mwenye viatu vya mpira vya manjano na kitambaa chekundu kichwani, alikuwa amepiga magoti akichakura ndoo ya takataka za wavu.

"Samahani, dada, hivyo ni vya kutupa," alisema kijana mwenye aproni iliyojaa magamba.

"Mmeshatupa vingapi kama hiki?"

"Samahani, sijawahi kuhesabu."

"Mbona samahani kila neno? Umeniibia?"

Kijana huyo, Kuntai, akacheka, masikio yakimwiva. Ndivyo alivyokuwa, hata kamba aliwaomba radhi alipowakanyaga.

Suyin aliinua kiganjani mnyama wa mikono mitano, mwenye rangi ya waridi lililofifia. Yeye alikuwa mchunguzi wa viti vya pwani, wanyama hao wa bahari wenye umbo la nyota, katika makumbusho ya Keelung, na huyu hakuwahi kumwona, hata vitabuni.

"Mmemvua wapi?"

Mama yake Kuntai, nahodha wa boti ile, alikuwa hatua tatu nyuma akikunja wavu. Pale walipovulia palikuwa siri yake. Kwa miaka ishirini alizungukazunguka baharini ili boti nyingine zisimfuate.

"Kaskazini," Kuntai akasema. "Kwenye tope la kijivu." Akamwandikia namba za ramani, zote za uongo, na chini yake namba ya simu, ya kweli.

Basi simu zikaanza.

"Unajua mgeni wetu hana tundu la kutolea choo?"

"Suyin, niko mezani."

"Anaingizia mdomoni na kutolea mdomoni."

"Kama mjomba wangu akilewa."

Suyin alicheka hadi akakohoa, kisha akaendelea kumsimulia. Kingo za kila mkono zina vibamba kumi na saba vilivyopangwa kama vigae. Mgongo wote umejaa vinguzo vidogo vyenye vichwa vya miiba, mfano wa miavuli iliyofungwa. Miguu haina vinyonyeo. Imechongoka, ya kuchimbia tope. Kuntai, aliyewakanyaga wanyama hao tangu utotoni, akajikuta anasubiri habari za vibamba kama mtu anayesubiri barua. Walikula supu ya samaki yenye tangawizi karibu na stesheni ya Keelung, wakashikana mikono chini ya meza. Lakini kila Suyin alipomwita "mpenzi", zile namba za uongo zilimkaa kooni kama mwiba.

Mwezi wa tatu tangu wakutane, siku ya Jumanne, Suyin akampigia. Sauti haikuwa na utani.

"Leo nimempasua tumbo."

"Ehe?"

"Hawa humeza tope la palepale wanapoishi. Wewe uliniambia tope la kijivu. Mimi nimekuta mchanga mweusi wa volkeno. Mchanga huo uko wapi, Kuntai?"

Mbele ya macho ya Kuntai, ng'ambo ya maji, volkeno ya Kisiwa cha Kobe ilikuwa ikitoa mvuke.

"Samahani."

"Ninaye huyu mmoja tu. Keshokutwa maelezo yake yanakwenda kuchapwa pamoja na mahali ulipoandika wewe. Watu watamtafuta miaka mia mahali asipowahi kuishi, na jina langu liko juu. Samahani yako niihifadhi kwenye chupa gani?"

Akakata simu.

Kuntai hakula. Akimfikiria Suyin, alijiona mwongo. Akimtazama mama, alijiona mwizi ambaye bado hajaiba. Asubuhi akapanda treni na aproni yake vilevile, abiria wakimkimbia kwa harufu.

Kule makumbusho alimkuta Suyin ameinamia kioo cha kukuzia, macho yamevimba. Akaweka karatasi mezani.

"Hizi ndizo namba za kweli. Mashariki ya Kisiwa cha Kobe."

"Mama yako anajua?"

"Bado."

"Zikichapwa, kila mwenye boti anaweza kuzisoma."

"Wavuvi hawasomi mambo yenu."

"Mmoja akisoma inatosha, mpenzi. Unalijua hilo."

Alilijua. Akatoa simu, akampigia mama yake, akaiacha wazi mezani kando ya yule mnyama aliyepasuliwa.

"Ma, nimempa Suyin namba za pale petu. Zinachapwa kesho."

Upande wa pili mashine ya kuvutia wavu ikazimwa.

"Yule wa viatu vya manjano?" mama akasema. "Miaka ishirini nimewapoteza njia wavuvi wote wa Daxi, leo mwanangu niliyemzaa..." Sauti ikampasuka. "Haya, omba radhi. Si ndiyo kazi yako?"

 Suyin akamshika Kuntai mkono.

"Nitakutafutia mahali pengine pa kuvulia, Ma, hata nikilala baharini mwaka mzima. Lakini radhi siombi."