Udongo wa Mbugani

"Laki nne kwa ajili ya udongo?" Felician aliuliza, na wajumbe wa chama cha ushirika wakacheka. "Margwe, udongo si umeukanyaga njia nzima kuja hapa?"

"Cheka tu, Mwenyekiti. Laki nne, kipande kile cha tuta la mfereji kibomolewe, kijengwe upya. Nikichukua chini ya hapo nitakuwa nawaibia."

"Chama kina elfu sitini."

"Basi wahamisheni watu waliopo chini."

"Na vitunguu vyao? Lori la Arusha limekwama njiani. Likifika likute ghala tupu, utanunua wewe?"

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, nje ya ofisi ya chama, mlima Hanang umejifunika mawingu kama kila siku ya mwaka ule wa El Nino. Margwe alikuwa jirani yetu. Mchimba visima, hasira karibu, mdomo hauna breki. Nyumba ya kwanza chini ya tuta la mfereji ilikuwa ya mdogo wake, Agatha, aliyebaki peke yake na mimba ya miezi saba, mume yuko machimboni Mererani. Ndiyo maana Margwe aling'ang'ania vile.

Akaondoka bila kuaga, akachukua mtaimbo, akaenda kulipima tuta tena ili apate cha kuwafunga midomo.

Tuta la mfereji hupimwa kwa upande wa nje, kule lisikoguswa na maji. Ukikuta linatoka jasho, unayatazama maji yale. Yakiwa maangavu, linavuja tu, unaweza kulala. Yakiwa na tope, linaliwa ndani kwa ndani, na hapo unakimbia.

Jasho alilolikuta Margwe halikuwa angavu wala la tope. Lilikuwa jeupe. Akajiambia ni chokaa. Akachovya kidole, akanusa. Lilinuka maziwa yaliyolala kwenye kibuyu.

Akauchoma mtaimbo. Ukazama kama kwenye uji, mpaka ngumi zake zikagusa udongo. Akavuta. Haukuja. Akakita miguu, akavuta kwa mwili mzima.

Ndani ya tuta, kitu nacho kikavuta.

Akaachia. Mtaimbo ukatulia. Kisha ukaanza kutoka wenyewe, taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu chake. Ulipoanguka miguuni pake, ncha yake ilikuwa imepakwa samli.

"Udongo huo mliuchota wapi?"

Aligeuka. Ni Gidahosh, mzee wa Kibarabaig aliyekuwa anaswaga ng'ombe kwenda mnadani Katesh. Alikuwa amesimama mbali. Ng'ombe wake walikuwa wamegoma kulisogelea tuta.

"Shikamoo, mzee. Ulitoka kwenye kichuguu, kule mbugani. Udongo wa kichuguu unashika."

"Marahaba. Kile si kichuguu." Mzee alishusha sauti. "Ni kaburi la baba yangu. Tulilijenga kwa viganja, ukoo mzima, mpaka likawa refu kuliko mtu. Tulilimwagia maziwa na pombe ya asali. Tulipohamishwa kupisha mashamba, hakubaki wa kulitunza."

Margwe alirudi nyuma, akaliacha tuta. Huku kwetu kaburi ni msalaba. Nani angejua?

"Tutalipa. Sema ng'ombe wangapi."

"Mimi mwenyewe nimechinja. Hataki ng'ombe," Gidahosh akanong'ona. "Anataka udongo wake. Akija kuuchukua, maji mtabaki nayo wenyewe."

Margwe alikimbia mpaka kwa mwenyekiti, akamweleza yote.

"Asubuhi laki nne," Felician akasema. "Mchana umeongeza na mizimu. Nenda kapumzike, bwana."

Jumapili, wakati wa misa, jua likatoka. Margwe hakwenda kanisani. Alimbeba Agatha mikononi akiwa anapiga kelele za vitunguu vyake na kumpiga ngumi kifuani. Walikuwa wamefika tu kwenye mawe ya mlimani waliposikia. Halikuwa bomoko. Ilikuwa mikono. Mikono mingi, ikikwangua udongo. Hawakuona mtu.

Kisha yakaja maji.

Nyumba zote za chini zilikwenda. Watu walipona kwa kuwa walikuwa kanisani. Waliporudi, tuta lilikuwa limekosa kipande kilekile, limekatwa wima pande zote mbili kama mkate. Na mafuriko hayakuacha tope. Hata chembe. Vitunguu vilitapakaa majanini, visafi, kama vimeoshwa vikapikwe.

Wakaenda mbugani. Kaburi lilikuwa limesimama tena, bichi, limejaa alama za viganja toka chini mpaka juu. Vya wazee. Vya watoto. Karibu na kilele palibaki pengo moja, la ukubwa wa kichwa cha kichanga. Felician alilitazama, akageuka akaenda zake, hakumuaga mtu.

Margwe alirudi kwake, alikomhifadhi mdogo wake. Akamkuta ameketi kitandani, anatafuna.

"Unakula nini?"

Agatha akafunua kiganja. Vipande vya udongo mkavu.

"Mimba ndiyo inataka, kaka. Nilikuwa naumega pale kwenye tuta. Tangu mimba ikiwa changa." Akameza. "Udongo huu unanukia asali."

Margwe akamnyang'anya. Hakujua aupeleke wapi. Nje, mchana kweupe, mtu akakohoa. Mbwa hakubweka.

"Hodi."

Sauti ya kizee, ya upole. Margwe akabana komeo, akapiga magoti, akavisukuma vipande chini ya mlango.

"Mzee, ndio huu uliobaki. Chukua."

Vidole vikaingia upenyoni, vikavikusanya kimoja kimoja, mpaka na vumbi. Vilipotoka, sakafuni palibaki alama ya kiganja, mbichi.

"Haujatimia," sauti ikasema. "Mwingine upo tumboni. Nautaka."