Kijumba Nyuma ya Migomba

Danstan wa Nyamiaga hakuwahi kumsubiri mgeni amalize kupiga hodi. Mgeni bado anatafuta pumzi, yeye alishajibu "karibu", awe jikoni, awe shambani, awe chooni, tena kwa sauti ambayo hata majirani wawili watatu walijiona wamealikwa. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ndogo na mchekeshaji wa harusi na misiba. Katekista alishamwomba kwa upole asisome masomo kanisani, maana akisimama yeye hata Waraka kwa Waebrania unaleta vicheko.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Likizo ya Juni, jua kali, maharage yameanikwa uani. Danstan na mkewe Adventina walishinda bondeni wakimwagilia nyanya. Walimwacha binti yao Nice, wa darasa la tatu, awafukuze kuku. Waliporudi, maharage yalikuwa salama. Nice alikuwa amekaa kizingitini, midomo ameibana. Baba akamtania kwamba kuku wamekosa maharage wakala ulimi wake. Hakucheka. Jioni akala, akanawa, akapiga ishara ya msalaba, akalala bila kutamka neno.

Wala kesho yake. Wala wiki iliyofuata.

Hospitali walimchungulia koo, ulimi na masikio, wakakuta kila kitu kizima, wakatoa vitamini. Shule ilipofunguliwa mwalimu alimrudisha nyumbani mpaka atakapoweza kuitika jina lake. Danstan alisali, akafunga, akaomba Misa, na mtoto akaendelea kumtazama tu kwa yale macho makubwa.

Ndipo akaja kaka yake mkubwa, Sostenes, kutoka Rulenge. Alieleza ugonjwa wote kabla hajamaliza chai. Danstan alipojenga nyumba ya matofali, alibomoa kijumba cha nyasi cha marehemu babu yao, mahali mzimu wake ulipokuwa ukitengewa pombe ya ndizi. Sasa mzee yuko nje. Anataka pa kukaa. Vijiti vinne, kicha cha nyasi, kibuyu cha pombe na mrija wa kunywea. Kazi ya nusu saa, na jua halitazama mtoto hajasema.

"Kaka, wewe si unaimba kwaya?"

"Naimba sauti ya nne. Na kijumba ninacho nyuma ya nyumba. Jumapili nampa Mungu, siku nyingine nampa mzee. Sijawahi kuwasikia wakigombana."

Danstan alikataa. Msidhani alikataa kwa uso unaong'aa kama wa picha za kalenda ya parokia. Alikataa akisaga meno. Kilichomkera ni urahisi wenyewe. Angeambiwa atoe ng'ombe, angegoma kwa fahari. Nusu saa! Lakini alijua kwamba akikipigia goti kile kijumba mara moja, atakuwa amekubali nani mwenye nyumba.

Asubuhi moja akakikuta.

Kilikuwa nyuma ya migomba, kikubwa kama kikapu, nyasi bado mbichi. Ndani kibuyu, ndani ya kibuyu mrija. Alikibomoa akakichoma moto. Kesho yake kilikuwepo kingine, kikubwa kama banda la kuku, kimesogea hadi karibu na jiko. Akakichoma. Kesho yake tena. Hiki mtu mzima angeweza kuingia akichuchumaa. Vyote vitatu milango yake ilitazama upande mmoja.

Ilitazama mlango wa nyumba.

Jumuiya wakaanza kunong'ona kwamba mwenyekiti anafuga mizimu. Danstan akaenda nyuma ya zizi kumlalamikia Mungu kama mtu anayelalamikia ofisi ya kijiji. Nimekataa kama ulivyotaka, akasema, sasa upande wako vipi? Hakusikia kitu. Akanung'unika kwamba nyumba hii wote wamekuwa mabubu, kuanzia mtoto hadi Mbinguni.

Aliporudi jikoni aliona vipande vya nyasi kwenye kanga ya Adventina.

Mkewe hakubisha. Alilia, akasema ni mtoto wake, na Sostenes alimwonyesha jinsi ya kufunga vijiti. Danstan alipandwa na hasira. Njia rahisi ilikuwa wazi mbele yake: kufoka, kumfungisha mwanamke virago arudi kwao, na kubaki yeye mtakatifu wa mtaa. Badala yake akakaa juu ya kuni, kando yake. Akasema Jumapili watakwenda wote wawili kuwaambia wanajumuiya ukweli, na wakicheka, wacheke.

"Ila vijumba vitatu, Mama Nice. Nguvu ulizitoa wapi?"

Adventina akainua uso.

"Nilijenga kimoja tu," akanong'ona. "Kile kidogo."

Jumapili walisema. Watu walicheka, kisha wakamvua uenyekiti, kisha wakaja uani kwake kusali rozari. Nice alishika shanga zake. Midomo haikutikisika. Tangu siku hiyo vijumba havikuonekana tena, lakini mtoto alibaki vilevile. Danstan akaendelea kwenda jumuiyani, anakaa mwisho wa mkeka, anasali kama mtu anayepalilia mwamba.

Mchana mmoja mwezi wa Agosti jembe lake lilichomoka mpini. Akamwacha Adventina bondeni, akarudi peke yake, akaketi kizingitini karibu na Nice aliyekuwa anamenya ndizi. Hakuna upepo. Hakuna ndege. Kuku wote wakakimbilia chini ya ghala kwa pamoja.

"Hodi."

Sauti ilitoka mlango wa nyuma. Ya mzee, ya adabu, kama mtu anayeongea na mrija mdomoni. Danstan akafungua kinywa, kama alivyofungua maisha yake yote.

Kiganja kidogo kikamziba.

Kilinuka utomvu wa ndizi.

"Hodi."

Karibu zaidi. Danstan akahisi neno limejaa kwenye meno yake, linasukuma. Akalimeza. Likapanda tena.

"Hodi."

Hii ilikuwa ndani ya nyumba. Nyuma ya mgongo wao. Hawakugeuka.

Muda ukapita. Kisha kuku mmoja akatoka chini ya ghala, akapekua maganda ya ndizi. Nice akaondoa mkono.

"Baba," akasema. Sauti ilikwaruza kama bawaba yenye kutu. "Usimjibu."

Danstan akamgeukia.

"Huwa anakuja mkiwa hampo. Alisema nikimkaribisha tutapata kila kitu. Kwa Baba Mkubwa walimkaribisha, sasa ana kitanda chake kule." Akaangalia mikono yake. "Nikifungua mdomo, 'karibu' hutoka yenyewe, Baba. Nikaona bora nisiongee kabisa."

Danstan ndiye aliyejiona amebeba msalaba wa nyumba ile. Miezi yote alimsumbua Mungu afungue mdomo huo, na mtoto wa darasa la tatu alikuwa akiufunga peke yake, mchana baada ya mchana, baba na mama wakiwa bondeni na nyanya zao. Akamvuta kifuani.

Siku hizi ukipiga hodi kwake, usitegemee jibu. Atatoka mwenyewe, akutazame miguuni ahakikishe wewe ni mtu, kisha akuite kwa mkono. Watu wanasema ameanza maringo. Nice amerudi shule, anaitika jina lake bila shida.

Ila mchana ule, Danstan alipoingia ndani, aliukuta mrija umeegemezwa kwenye mlango wa nyuma. Ncha yake imetafunwa, bado imelowa. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Na mrija ulikuwa ndani.