Sinia la Vifuniko

WIKI MBILI KABLA

Chumba cha nyuma cha ghala la ngozi kilinuka chumvi na uozo. Ngozi zilirundikwa hadi karibu na dari, na kila aliyeingia mle alitoka na harufu yake kwenye nywele. Kigego, mkuu wao, alikipenda chumba kile. Alisema hakuna askari mwenye pua ya kuvumilia hapo hata dakika moja.

Alieleza mpango huku anakula. Ndivyo alivyozoea. Alirarua kuku kwa vidole, akajipangusa kwenye ukingo wa meza, kisha kwa vidole vilevile akachora juu ya mbao: duka la sonara, mlango wa mbele, mlango wa uani, chumba cha ndani. Mistari ya mafuta iling'aa chini ya balbu. Dereva aliitazama akahisi mate mepesi yanamjaa mdomoni, yale yanayotangulia kutapika.

Saa ya chakula cha mchana sonara hufunga duka akaenda kula. Hapo Komeo, mtu wa kufuli, angefungua mlango wa uani. Hiyo ilikuwa kazi ya kitoto kwake. Kazi ilikuwa chumba cha ndani, kwenye dhahabu. Mlango wake haukuwa na tundu la ufunguo. Ulikuwa na kioo cha tarakimu, na tarakimu zenyewe hazikai mahali pamoja. Asubuhi saba iko juu kushoto, mchana iko chini katikati. Sonara akigusa kioo zinawaka zimechanganyika. Akianza kubonyeza, kiganja chake kinazifunika. Ukikodolea kidole hujui kimebonyeza nini. Na simu zote huachwa kwenye kikapu mlangoni, ndiyo maana hufungua mbele ya wateja bila hata kugeuka nyuma.

"Kwa hiyo inatakiwa picha," Kigego alisema. Akajigonga kipaji cha uso kwa mfupa wa paja. "Mtu azione zinapowaka, zibaki hapa. Halafu afuate kidole juu ya ile picha. Na mtu tunaye."

Wote wakamgeukia Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa mume wa dada yake Dereva. Mtu mpole, mabega membamba, jicho moja limekunjamana kwa miaka ya kuchungulia ndani ya saa za watu. Siku hizi watu hutazama saa kwenye simu, na kibanda chake kilikuwa kimekauka. Dereva ndiye aliyemleta. Alimwambia hatashika chuma, hatampiga mtu, hata kukimbia hatakimbia. Ataangalia tu.

Kigego alikuwa ameona tangazo kwenye simu kwamba ubongo ni kama msuli: ukiufanyisha mazoezi ya kukumbuka unachokiona, unakua. Basi likawekwa sinia mezani. Dereva alipanga vitu juu yake, akafunika kwa kitambaa, akafunua kidogo, akafunika. Kisha aliondoa kimoja au kuhamisha viwili, akafunua tena, na Fundi Saa akataja kilichobadilika. Akikosea, Kigego alimchapa shavuni kwa ukanda wa ngozi mbichi. Ngozi ile iliacha ute. Fundi Saa aliufuta kwa mkono wa shati, akasema, "Tuendelee."

Mwanzoni Dereva aliokota chochote: skrubu, vifungo, funguo, mbegu, vipande vya kioo. Kila siku vitu vipya. Fundi Saa hakuvuka vichache vya mwanzo, na shavu lake lilivimba kama mtu mwenye jino bovu. Dereva hakuweza kuendelea kutazama. Akaanza kuweka vifuniko vya soda tu, vilevile, kwa safu zilezile, na kila mara alihamisha kutoka pembe zilezile. Hakumwambia mtu.

Fundi Saa akapaa. Sinia likajaa hadi ukingoni na bado alitaja bila kusita. Kigego aliacha kuchapa. Alicheka, akawakumbatia wote wawili, akamwita Dereva "Mwalimu" na kumwahidi sehemu kubwa zaidi ya mzigo. Dereva alijiambia kwamba alifanya vile kwa huruma. Ilikuwa kweli, ila jina lile la Mwalimu nalo alikuwa ameshalizoea, na ile sehemu kubwa alikuwa ameshaipangia matumizi.

USIKU WA KUAMKIA KAZI

Walikula nyumbani kwa dada yake. Baada ya chakula mume na mke walitandika karata mezani, zote zimelala kifudifudi, wakawa wanafunua mbilimbili kutafuta zinazofanana. Dada yake alikuwa anamnyoa mumewe bila maji. Karata aliyoifunua sasa hivi, Fundi Saa aliitafuta upande mwingine wa meza.

"Huyu ndiye mnayemtegemea kuhesabu ngozi huko ghalani?" dada yake aliuliza, akicheka, huku anavuta jozi nyingine upande wake. "Kaka, mtafilisika."

Fundi Saa alicheka pia. Dereva hakucheka. Alitazama yale macho yakihangaika juu ya karata.

Walipotoka uani kupunga upepo, Fundi Saa aliurudisha mlango kwanza. Kisha alisema kwa sauti ya chini, bila lawama, kama anayemweleza mteja kwamba saa yake haitapona.

"Shemeji, kwenye sinia lako mimi ni mfalme. Nje ya sinia ni yuleyule. Wewe unajua, na mimi najua."

Dereva aligeuka kuutazama mlango.

"Vifuniko vile nimevizoea kama meno yangu. Tumwambie atupe siku chache zaidi, tuanze upya na vitu vingine."

"Ukimwambia leo, unajua atakachokufanya."

"Kunichapa ndiyo nimezoea."

"Hatakuchapa," Dereva alisema. "Sote wawili hatatuchapa." Akamshika bega. Akamwambia kesho akili itaamka yenyewe, hofu humfungua mtu macho, ataona tu. Hakuamini hata neno moja. Aliyasikia maneno yakimtoka laini, yakamkinaisha.

Dada yake alitokea mlangoni na kanga mabegani. "Huyo unirudishie kesho mapema. Usimwache akapotea njia."

"Nitamleta mwenyewe," Dereva alisema.

SAA NNE ASUBUHI

Gari lilisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vipuri. Kigego alikaa kiti cha nyuma, akichokonoa meno kwa ncha ya ufunguo na kutema alichokitoa kwenye zulia la gari. Kupitia kioo cha duka la sonara, Dereva alimwona shemeji yake akiacha simu kwenye kikapu, akikaa kwenye kiti cha wateja, akitoa pete ya mkewe ili ipanuliwe. Sonara aliipima, akainuka, akaenda kwenye mlango wa chumba cha ndani. Mgongo wake mpana ukajipinda. Mkono ukacheza.

Ilichukua muda mfupi kuliko kufunua na kufunika kitambaa.

Fundi Saa alitoka akitembea kama mtu aliyebeba bakuli la maji lililojaa pomoni. Midomo ilicheza. Aliingia garini akataja tarakimu sita. Nne za kwanza zilitoka haraka. Ya tano ilichelewa. Ya sita aliitaja huku akitazama kisogo cha Dereva.

"Una hakika?" Kigego aliuliza.

Dereva angeweza kugeuka. Angeweza kusema hapana, turudi, tuje siku nyingine, sonara hahami. Aliwasha gari.

"Nina hakika," Fundi Saa alisema.

Kigego alimvuta shingo, akambusu kwenye paji la uso kwa midomo yenye mate. Fundi Saa hakujifuta.

SAA SABA NA NUSU MCHANA

Kichochoro cha nyuma ya duka kilikuwa na mtaro ulioziba. Kwenye maji meusi zilielea taka na panya aliyevimba. Dereva alibaki kwenye usukani, injini inanguruma, vioo vimefungwa, na bado harufu iliingia. Komeo alifungua mlango wa uani kabla hujamaliza kupiga chafya. Wakaingia watatu.

Aliyosikia baadaye kutoka kwa polisi ni kwamba Kigego alibonyeza zile sita, mlango ukakataa. Fundi Saa akasema abadilishe ya tano na ya sita. Ukakataa tena. Mlango ule haukuwa na nafasi ya tatu.

King'ora kilipasua mtaa.

Komeo alitoka wa kwanza. Hakulitazama hata gari. Aliruka mtaro, akapanda ukuta, akapotea. Kigego alitoka akimburuta Fundi Saa kwa ukosi, akamsukuma kiti cha nyuma, akaingia juu yake.

"Twende!"

Dereva alikanyaga mafuta. Kichochoro, barabara ya lami, kulia, kulia tena. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma alimwona Kigego amekaa kiupande, bastola ubavuni mwa shemeji yake. Mikono yake ilitulia. Kigego akikasirika kweli hutulia.

"Sinia zima unalimaliza," alisema. "Kifuniko kikisogea kidole kimoja, unakiona. Leo tarakimu sita zinakushinda."

"Sikuzishika, bosi. Zilipita."

"Zilipita. Umezificha, urudi baadaye na watu wako. Nani kakununua? Sonara?"

"Hakuna mtu."

"Mtu hasahau ghafla."

Fundi Saa alikuwa anahema kwa mdomo. Aliacha kumtazama Kigego. Akatazama kwenye kioo, akakutana na macho ya Dereva.

"Shemeji," alisema. "Mwambie."

Gari likapita taa nyekundu. Mtu akapiga honi ndefu.

"Aniambie nini?" Kigego aliuliza. Hakuhamisha bastola. "Mwalimu. Uniambie nini?"

Maneno yalikuwa machache. Vifuniko vilikuwa vilevile. Nilimrahisishia mimi. Hajakusaliti, hajui kitu. Dereva aliyasikia yote yamejipanga nyuma ya meno. Akafikiria pia bastola ile ikihama kutoka ubavu ule kuja kwenye kisogo chake mwenyewe. Macho akayarudisha barabarani.

"Sijui anasema nini."

Mlio ndani ya gari lililofungwa vioo haufanani na mlio mwingine. Dereva alihisi kitu cha vuguvugu kwenye shingo na sikio. Kigego alipiga tena, kisha akasukuma mwili ulale chini, akaweka miguu juu yake ili akae vizuri. Akajipangusa mkono kwenye kiti.

"Endesha, Mwalimu," alisema. "Ningejua mapema ningeokoa mikanda yangu."

Dereva aliendesha. Aliendesha mpaka tumbo likamshinda, akatapika juu ya usukani na mikono yake mwenyewe, macho yakajaa machozi, na gari likapanda ukingo wa barabara na kugonga nguzo. Polisi waliwakuta hapo. Kigego alikuwa amebanwa miguu, anatukana. Dereva alikuwa ameegemea mlango, matapishi kifuani, hakutaka kukimbia popote. Askari aliyemtoa alimshika kwa ncha za vidole, uso ameugeuza pembeni.

SIKU YA NNE

Walimruhusu dada yake aingie mahabusu alipokwisha kumaliza mazishi. Alisimama upande wa pili wa nondo, kanga nyeusi, macho makavu yaliyokwisha kulia. Alikuwa amesikia habari kwa polisi: Kigego ndiye aliyeua, kaka yake alikuwa kwenye usukani tu. Hakumuuliza kwa nini alimpeleka mumewe kule. Alisema ametafuta pete yake nyumba nzima, halafu akakumbuka kwamba polisi ndio wanayo. Alisema hawezi kulala upande ule wa kitanda.

Kisha akauliza jambo moja.

"Ulikuwa naye, kaka. Alisema nini mwisho?"

Dereva alikuwa na jibu tayari. Alilitengeneza usiku wa kwanza, sakafuni, kabla hata damu haijamkauka shingoni.

"Alikutaja wewe," alisema.

Uso wa dada yake ulikunjamana. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepokea zawadi asiyoitegemea. Akapitisha mkono kati ya nondo, akamshika kaka yake shavu.

"Asante," alisema. "Asante kwa kuwa naye."

Kiganja chake kilikuwa cha moto, na kilinuka udongo. Dereva alifumba macho, akauacha mkono ule ukae hapo mpaka askari alipokuja kumwambia muda umekwisha.