Pipa Lililoandikwa EMPTY

Mwaka 1951 Jilala alikuwa kibarua katika mgodi wa dhahabu karibu na Geita. Mkewe, Nyamizi, alilima mihogo na kuteka maji katika kisima cha mbali. Mtoto wao, Limi, alikuwa na miaka minne.

Jilala alikuwa amejifunza maneno machache ya Kiingereza kambini. Siku moja, nyuma ya stoo, aliona pipa la chuma lenye maandishi meupe: EMPTY. Alifurahi kuweza kulisoma. Akalipeleka nyumbani.

"Lilikuwa na nini?" Nyamizi aliuliza.

"Halina kitu. Limeandikwa tupu."

Nyamizi alilisuuza mara moja, akalijaza maji.

Kesho yake asubuhi Limi alichota maji kwa kata, akanywa. Alianguka pale pale, akihema kwa shida. Nyamizi alimbeba mbio hadi zahanati. Walipofika, mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Baada ya mazishi alikuja Thobias, dresa wa zahanati. Alipitisha kijiti kwenye mshono wa juu wa pipa. Kijiti kilitoka na unga mweupe.

"Hii ni dawa ya kutenganishia dhahabu na mawe," alisema. "Ni sumu kali. Kidogo tu kinaua."

"Lakini limeandikwa empty. Nilisoma mwenyewe."

"Ulisoma sawa, ndugu yangu. Waingereza wa kale walimwita hivyo mtu asiye na kazi, aliyepumzika. Baadaye wakakiita hivyo chombo kisicho na kitu. Stoo wanaliandika neno hilo mzigo ukishatolewa. Halisemi kwamba chombo ni safi. Chombo cha sumu hakifai kwa maji wala chakula, hata ukikiosha. Kitobolewe, kizikwe mbali na kisima."

Nyamizi alikuwa amekaa chini, uso umefunikwa kanga.

"Mama Kalisti naye amechukua pipa," alisema bila kumtazama mumewe. "Nenda."

Jilala alikwenda. Mama Kalisti, mjane jirani yao, alikuwa ameinua ndoo ya kwanza ya maji ili alijaze pipa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na msiba, mwanangu."

"Mama, usitie maji humo. Lina sumu. Neno hili nililisoma mimi, nikamzika Limi."

Mama Kalisti alitua ndoo. Walilitoboa pipa pamoja, wakalizika mbali na kisima.

Wiki ile Jilala alipita kila nyumba. Katika kila mlango alisema maneno yale yale. Yalizikwa mapipa saba.

Wajukuu wanne wa Mama Kalisti walikunywa maji ya mtungini, wakatoka kucheza.